Dalili na vyanzo baada ya kubadilisha breki, saspensheni na ekseli ya nyuma kwenye gari la zamani

Gari la zamani, liwe Corolla KE70, Peugeot 504 au pikapu ya miaka ya themanini, likishafungwa diski kubwa za mbele, springi mpya na ekseli iliyotolewa kwenye gari jingine, mwenye gari hutarajia litoke gereji likiwa limetulia barabarani. Mara nyingi hutoka na tabia ambazo halikuwa nazo: pedali inazama, nyuma inayumba, sakafu inatetemeka likifika kilomita 80 kwa saa. Hapo wengi hurudi dukani na kununua spea nyingine, ilhali spea iliyofungwa mara nyingi ni nzima kabisa. Chanzo huwa pale spea mpya ilipokutana na sehemu ya zamani ambayo haikuguswa, na huko ndiko pa kuanzia kutafuta.

Mifano mingi hapa inahusu KE70 iliyopewa breki na ekseli ya AE86. Magari hayo ni ya ukoo mmoja wa Toyota, na ekseli hiyo huingia karibu bila kuchomelea chochote, jambo linalowafanya watu wayasahau yale machache yasiyolingana. Kanuni zenyewe ni zilezile kwa magari mengine. Kabla ya kuanza, andika ulichobadilisha na kilitoka kwenye gari gani, kisha uinue gari na kulikalisha juu ya stendi imara. Usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake, na usilipeleke barabarani kabla pedali haijawa imara.

Pedali ni laini au inakwenda mbali

Injini ikiwa imezimwa, kanyaga pedali mara tatu au nne, kisha uishikilie kwa nguvu ileile kwa nusu dakika. Ikipanda kidogo kila unapokanyaga lakini bado inanyumbuka chini ya mguu, ndani kuna upepo. Ikipanda haraka na kuwa ngumu, halafu baada ya muda mfupi ikarudi kuwa ndefu, pedi au breki shuu zinakaa mbali na diski au dramu. Ikizama polepole hali mguu umetulia, kuna mafuta yanayovuja nje, au yanayopita ndani ya masta silinda, ile pampu inayosukumwa na pedali. Dalili hizi tatu hazitibiwi kwa dawa moja.

Upepo usiotoka hata baada ya kumaliza chupa nzima ya mafuta ya breki huwa na sababu rahisi kuliko inavyodhaniwa. Kalipa, yaani kifaa kinachobana pedi kwenye diski, ya kushoto na ya kulia hufanana sana, na zikifungwa kinyume, nipo ya kutolea upepo huangalia chini. Mafuta yatatoka kwenye nipo hiyo yakiwa safi bila povu lolote, na fundi ataamini kazi imekwisha, kumbe upepo umejikusanya juu ya chumba cha pistoni mahali ambapo nipo haifiki. Chuchumaa mbele ya gurudumu uangalie: nipo inapaswa kuwa sehemu ya juu kabisa ya kalipa. Ikiwa iko chini, badilisha kalipa upande kwa upande, na tatizo litaisha siku hiyo hiyo.

Pedali ndefu isiyo na upepo, baada ya kufungwa diski za nyuma, mara nyingi inatokana na waya wa breki ya mkono. Kalipa nyingi za nyuma zenye breki ya mkono ndani yake hujirekebisha zenyewe kadiri pedi zinavyolika, lakini zinaweza kufanya hivyo tu ikiwa kile kijimkono kinachovutwa na waya kinarudi hadi mwisho wake. Fundi anayekaza waya kwanza, ili breki ya mkono ishike, anaizuia kalipa isijirekebishe, na pistoni hubaki mbali na pedi. Legeza waya kabisa, hakikisha vijimkono vyote viwili vimerudi, kanyaga pedali mpaka iwe imara, vuta na kuachia breki ya mkono mara kadhaa, na mwisho kabisa ndipo urekebishe waya. Kwa dramu, breki shuu zirekebishwe mpaka ziguse kidogo tu gurudumu linapozungushwa kwa mkono.

Pedali inayozama polepole inahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa mara nyingi madhara yamefanyika wakati ule ule wa kutoa upepo. Katika masta silinda iliyotumika miaka mingi, pistoni imezoea kusafiri sehemu fupi tu, na sehemu iliyobaki imeota kutu na kushika uchafu, hasa kama mafuta yamekaa muda mrefu yakinyonya unyevu wa pwani. Msaidizi anapoambiwa akanyage mpaka sakafuni, mipira ya pistoni hupita juu ya kutu hiyo na kukwaruzika. Kipande cha mbao kikiwekwa chini ya pedali wakati wa kutoa upepo huzuia hasara hiyo. Kama mipira imeshakatika, masta silinda ifunguliwe: silinda yenye mashimo ya kutu ndani haitengenezeki kwa kubadilisha mipira peke yake.

Kagua pia maungio ya paipu. Nati za magari ya Kijapani na za mengi ya Ulaya zina uzi uleule wa M10 kwa 1.0, lakini ncha za paipu zinatofautiana: za Kijapani huwa zimekunjwa mara mbili na kufanya mdomo wa koni, na nyingi za Ulaya zina uvimbe wa mviringo. Nati huingia vizuri na hukazika, lakini ncha haikai mahali pake, na mafuta huchuruzika kidogo kidogo. Kuikaza zaidi huharibu kiti cha kalipa au cha masta silinda. Kata ncha, itengenezwe upya kwa umbo linalotakiwa, na kama paipu yenyewe imeanza kuliwa na chumvi, iweke ya aloi ya shaba na nikeli, ambayo haioti kutu kama chuma.

Ikiwa hakuna upepo wala uvujaji na marekebisho yote yako sawa, pima masta silinda yenyewe. Kalipa zenye pistoni kubwa zinahitaji mafuta mengi zaidi kusogea, kwa hiyo masta ndogo italazimika kusafiri mbali. Kutoka masta ya inchi 13/16 kwenda ya inchi 7/8 kunaongeza eneo la pistoni kwa takriban asilimia 16: pedali inakuwa fupi, na kwa kiasi hichohicho inakuwa nzito. Ndiyo maana masta kubwa mno nayo ni kosa. Pedali itakuwa ngumu na fupi, nayo gari litachelewa kusimama. Lakini usilaumu ukubwa wa masta kabla ya kupima busta, kifaa kinachousaidia mguu kwa mvuto wa hewa ya injini: injini ikiwa imezimwa kanyaga mara kadhaa kumaliza hewa iliyovutwa, shikilia pedali, kisha washa injini. Pedali ikishuka kidogo chini ya mguu, busta inafanya kazi. Isiposhuka, angalia paipu ya kuvuta hewa na vali yake ya upande mmoja.

Kuna pedali iliyo nzuri mjini na inayolegea tu wakati wa kuteremka, hapa pwani ya Kenya, kutoka Kwale kuelekea Kombani, au kutoka Mazeras kuja Miritini nyuma ya malori. Hapo mafuta ya breki yamechemka. DOT 3, aina mojawapo ya mafuta hayo, ikiwa mpya inapaswa kustahimili angalau nyuzi 205 za Selsiasi, lakini ikishanyonya maji kipimo chake cha chini ni nyuzi 140; kwa DOT 4 ni nyuzi 230 na 155. Katika hewa yenye unyevu kama ya Mombasa mimi huyabadilisha mafuta haya kila mwaka, hata kama yanaonekana masafi, na sinunui chupa kubwa nikaihifadhi ikiwa imefunguliwa. DOT 5 ya silikoni isichanganywe na hizi kabisa.

Breki zinashika zenyewe na gurudumu linapata joto

Utaratibu mzuri hapa ni kuachia presha kutoka juu kwenda chini, hatua kwa hatua. Gari likiwa limeinuliwa na magurudumu yameshikwa, legeza kwanza nati zinazofunga masta silinda kwenye busta na uisogeze mbele milimita chache. Magurudumu yakiachia, kijiti cha busta ni kirefu mno na kinaisukuma pistoni ya masta muda wote, kasoro ya kawaida pale masta ya gari jingine inapofungwa kwenye busta ya zamani bila kupimwa. Yasipoachia, rudisha masta, halafu legeza ungio la paipu ya chuma kwenye masta. Yakiachia hapo, presha ilikuwa inazuiliwa ndani ya masta: baadhi ya masta zilizoundwa kwa dramu zina kivali kinachobakiza presha ndogo ndani ya paipu, na presha hiyo inatosha kuzifanya pedi za diski ziburuze.

Gurudumu moja likiendelea kushika, nenda kwake. Legeza ungio kati ya paipu ya chuma na ile ya mpira. Kama bado limeshika, fungua nipo ya kalipa. Likiachia kwenye nipo tu, paipu ya mpira imevimba kwa ndani: inapitisha mafuta kwenda lakini inayazuia kurudi, ingawa kwa nje inaonekana nzima. Likigoma hata nipo ikiwa wazi, kalipa yenyewe imekwama. Kwa magari yanayovuka Likoni kila siku na kurushiwa maji ya bahari, wa kwanza kushukiwa ni zile pini ambazo kalipa huteleza juu yake. Zisafishwe na kupakwa grisi ya silikoni, kwa sababu grisi ya kawaida huvimbisha mipira na kuzikamata tena baada ya wiki chache.

Magurudumu ya nyuma yanafunga kabla ya mbele

Hii ndiyo dalili ninayoiogopa kuliko zote. Gari linapofunga breki uzito huhamia mbele, na magurudumu ya nyuma hubaki mepesi. Yakifunga kwanza, nyuma hukosa mshiko wa kando na gari huzunguka, na katika barabara iliyolowa ya Bamburi dereva hapati muda wa kulirekebisha. Mwenye kufunga diski nyuma huku mbele kukiwa kumebaki na breki za zamani amegeuza mgawanyo wa breki wa gari lake, hata kama kila spea ni mpya. Mbele ndiko kuanze kuongezewa nguvu, nyuma kufuate.

Vali ya kugawa presha ambayo ilipangwa kwa ajili ya dramu za nyuma huenda isifae kwa diski. Itafute vali ya gari lililotoa breki hizo, au uweke vali inayoweza kurekebishwa kwenye paipu ya nyuma, ukianza na presha ndogo na kuongeza kidogo kidogo. Jaribio lifanywe kwenye eneo tupu lisilo na watu wala magari, kwa mwendo mdogo, kukiwa na mtu nje anayetazama ni magurudumu yapi yanafunga kwanza.

Kwenye pikapu na vani mambo yana siri moja zaidi. Nyingi zina vali iliyounganishwa na ekseli kwa kijiti au springi, ambayo hutambua mzigo kwa umbali uliopo kati ya ekseli na bodi. Ukilishusha gari, vali hudhani limebeba mzigo na hupeleka presha nyingi nyuma. Ukiliinua, hudhani ni tupu, na breki za nyuma hulegea hata ukiwa umepakia magunia. Kijiti kirekebishwe kila mara urefu wa gari unapobadilika.

Gari linavuta upande mmoja, au usukani unatikisika wakati wa kufunga breki

Kwa kuvuta upande, anza na upepo wa matairi, kisha pedi zilizoingiwa na mafuta au grisi, kisha kalipa iliyokwama kama ilivyoelezwa. Ukikuta breki za pande zote mbili zinafanya kazi sawa, nenda kwenye bushi (mipira ya maungio) za mkono wa chini wa saspensheni. Breki zenye nguvu zaidi huvuta gurudumu kwa nyuma kuliko zamani, na bushi iliyochoka, ambayo hapo awali haikuonekana kuwa na tatizo, sasa huruhusu gurudumu kusogea na kubadilisha mwelekeo wake. Muombe mtu akanyage breki huku gari likisukumwa mbele na nyuma, nawe uitazame bushi hiyo kwa tochi.

Usukani unaotikisika hulaumiwa diski iliyopinda, na diski mpya hununuliwa. Toa diski kwanza utazame uso wa habu inapokaa. Katika magari ya hapa utaukuta una vipele vya kutu vilivyokauka, hasa kuzunguka shimo la katikati, na kipele kidogo mno hapo huikalisha diski mpya upande. Ikwangue kwa brashi ya waya mpaka chuma king'ae, rudisha diski, kaza nati za gurudumu kwa kuvuka kutoka upande mmoja hadi mwingine, kisha upime kuyumba kwake kwa geji ya saa. Kikomo hutofautiana na gari, lakini kwa kawaida ni kati ya milimita 0.05 na 0.15.

Mlio mkali wa pedi mpya usioambatana na mtikisiko si wa kutisha. Safisha migongo ya pedi, rudisha vibati vyake vyote, na uzipe muda wa kuzoeana na diski.

Saspensheni inagonga, imekaa vibaya au nyuma inayumba

Gari lililopewa bushi mpya na likaanza kukaa juu kuliko inavyopaswa, kisha baada ya miezi michache bushi hizo zikachanika, lilikazwa likiwa hewani. Bushi nyingi za mpira hazizunguki juu ya bolti. Mpira wenyewe ndio unaojisokota. Ikikazwa wakati ekseli inaning'inia, inabaki imesokotwa kila gari linapokaa chini, na inaendelea kuvuta mpaka ikatike. Bolti ziachwe zikiwa zimelegea kidogo, gari lishushwe liegemee magurudumu yake, litikiswe mara kadhaa, kisha zikazwe hapo hapo.

Mgongano mzito kwenye kila tuta baada ya kulishusha gari una maana kwamba shokomzoba ni ndefu kupita nafasi iliyobaki, au raba za kikomo zinaguswa mapema mno. Funga uzi mwembamba wa plastiki kwenye fimbo ya shokomzoba, endesha kwa kawaida, kisha uangalie uzi umesukumwa hadi wapi. Ukiwa umefika mwisho kabisa, tafuta shokomzoba fupi, usikate raba. Na springi ya koili inayolegea ikatoka kwenye kiti chake gari linapoinuliwa kwa jeki haifai kwa gari hilo.

Kwenye springi za majani angalia senta bolti, ile inayoshikanisha majani katikati. Kichwa chake lazima kiingie ndani ya tundu la kiti cha ekseli. Kikikaa pembeni, ekseli hujipanga kwa mshazari na gari hutembea upande kama kaa, hata alaimenti ya mbele ikifanywa mara ngapi. Pima kutoka katikati ya gurudumu la nyuma hadi katikati ya lile la mbele kwa kila upande. Yubolti, zile bolti zenye umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli, zikazwe upya baada ya siku chache za kwanza za safari. KE70 ya sedani yenye koili ina kasoro yake: fimbo ya Panhard, inayozuia ekseli isiende kando, huisukuma upande mmoja gari likishushwa, kwa hiyo fimbo inayorekebishika urefu ndiyo tiba.

Kushusha gari kunaleta usumbufu pia kwenye kivuko cha Likoni, kwa kuwa maji yakipwa pembe kati ya mteremko na feri huwa kali, na paipu ya moshi au tumbo la difu (gia za katikati ya ekseli ya nyuma) ndilo linaloguswa kwanza. Kagua kama kuna mikwaruzo huko kabla ya kuhangaika na mgongano usioelezeka.

Mtetemo, mlio na uvujaji kwenye ekseli

Mtetemo unaoanza kwenye mwendo fulani na kukaa sakafuni badala ya usukani mara nyingi unatoka kwa propela, shafti inayounganisha giaboksi na difu. Pima kwa kipima pembe mlalo wa ncha ya giaboksi na wa pinioni ya difu (gia ndogo inayozungushwa na propela): vinapaswa kuwa sambamba, tofauti isizidi takriban nyuzi moja, na kila krosi, kiungio cha ncha ya propela, ifanye kazi kwenye pembe ya nyuzi moja hadi tatu hivi. Gari likishushwa au viti vya ekseli vikichomelewa kwa kukisia, usambamba huo hupotea. Kama pembe ni sawa, angalia kwamba uma za ncha mbili za propela zimepangwa kwa mstari mmoja, na kwamba flanji ya difu mpya ina mpangilio wa matundu unaolingana na wa propela. Flanji iliyotobolewa upya kwa mkono haikai katikati, na hakuna balansi itakayoiponya.

Mlio unaobadilika unapokanyaga na kuachia mafuta ni wa meno ya difu, ambao hurekebishwa na fundi mwenye vifaa vya kupima. Mlio usiojali mafuta lakini unaoongezeka unapokata kona upande mmoja ni wa beringi ya gurudumu. Ukisikia mlio wa meno kwenye ekseli iliyokuwa kimya katika gari lake la awali, uliza kama pinioni ilifunguliwa ili kubadilisha sili. Nati yake ikikazwa kupita kiasi hukibana kibomba kinachotenganisha beringi ndani, na mpangilio wote huharibika. Mtetemo mfupi unapozunguka polepole kwenye kona kali, kwa difu yenye kufunga magurudumu yote mawili, kwa kawaida unaonyesha kwamba oili iliyowekwa si ile ya difu za aina hiyo.

Spidomita nayo itasema uongo uwiano wa difu ukibadilika. Ukitoka 3.9 kwenda 4.3, itasoma juu kwa takriban asilimia 10, kwani waya wake unaendeshwa na giaboksi: ukiwa kwenye kilomita 80 halisi, itaonyesha 88 hivi. Gia ndogo ya plastiki ya waya huo hubadilishwa kwa yenye meno yanayofaa.

Oili inayotokea kwenye dramu au diski za nyuma huondoa breki upande huo, kwa hiyo gari lisiendeshwe hadi itengenezwe. Kabla ya kununua sili, tafuta kijitundu cha kupumulia juu ya ekseli. Kikiziba kwa tope au kutu, hewa ya ndani ikipata joto hutafuta njia kupitia sili, na sili mpya itavuja kama ile ya zamani. Kijitundu hicho hicho ndicho huingiza maji: difu iliyopashwa moto na safari, ikizama ghafla kwenye barabara iliyofurika wakati wa masika, hupoa na kuvuta maji ndani. Fungua bolti ya kujazia uchovye kidole. Oili ikiwa na rangi ya maziwa, imwage yote, safisha ndani, jaza mpya mpaka usawa wa tundu, kisha unganisha paipu ndefu ya mpira kwenye kijitundu na kuipandisha hadi karibu na mdomo wa tangi la mafuta.